Shahidi na Swali: Maana ya Kushuhudia katika Kesi ya Taba

Neno shahidi limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na mzizi wake hubeba mambo mawili kwa pamoja: kuwapo mahali jambo linapotokea, na kulisema jambo hilo mbele ya watu. Kiswahili kimeutandaza mzizi huo kwa namna yake. Mahakamani hutolewa ushahidi; katika mikutano ya uamsho hutolewa ushuhuda; Mwislamu hutamka shahada; na mhitimu wa chuo kikuu naye hukabidhiwa shahada, yaani karatasi ambayo kwayo chuo humshuhudia mbele ya mwajiri ambaye hakuwapo darasani. Shahidi ni pia aliyekufa kwa ajili ya imani yake. Katika matumizi yote haya, macho peke yake hayatoshi. Aliyeona akanyamaza ni mtazamaji. Huwa shahidi anapowatolea aliyoyaona watu ambao hawakuwapo, na kukubali wamuulize.

Sharti hili la mwisho, kukubali kuulizwa, ndilo husahaulika zaidi. Watu hudhani kwamba ushahidi umelala kichwani mwa mtu kama mahindi ghalani, na kwamba kazi ya mahakama ni kuuchota. Mashahidi wa ndoa ya Kiislamu wanakaribia hali hiyo. Wawili hao huitwa mapema, huketi karibu, na hujua tangu mwanzo kwamba wamekuja kusikia tamko la walii na jibu la bwana harusi. Shahidi wa uhalifu hana bahati hiyo. Tukio humkuta njiani au usingizini, na huanza kuwa shahidi kabla hajajua kuna nini cha kushika. Ndiyo maana Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika hukumu ya mwaka 1980 ambayo mawakili nchini wangali wakiitaja, iliuita ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho kuwa dhaifu kuliko aina nyingine na usiotegemewa kwa urahisi. Kabla ya kuukubali, mahakama haina budi kujua shahidi alimtazama mshtakiwa kwa muda gani, kutoka umbali gani, kulikuwa na mwanga wa namna gani, na kama alikuwa akimfahamu kabla ya siku hiyo. Uaminifu wa shahidi haumo katika orodha hiyo, kwani mtu mkweli kabisa naye anaweza kumtaja asiyehusika.

Kiapo, basi, hakihakikishi kwamba kilichosemwa ndicho kilichotokea. Kinamfunga msemaji tu kwa maneno yake. Mabadiliko ya Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 2016 yanalionyesha hilo vizuri: mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ilimradi aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Kilichobakizwa baada ya kiapo kuondolewa ni ahadi, na pengine hiyo ndiyo iliyokuwa kiini chake tangu awali.

Yote haya yalijaribiwa kwa uzito usio wa kawaida mjini Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994, ilianza Januari 1997 kusikiliza kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuna ya Taba wakati wa mauaji ya kimbari. Hati ya mashtaka ya mwanzo ilikuwa na makosa 12, na ubakaji haukuwamo. Kisha akasimama mwanamke wa Kitutsi aliyejulikana mahakamani kwa herufi J. Alieleza kwamba wanamgambo watatu wa Interahamwe walimbaka binti yake wa miaka sita walipokuja kumuua babake mtoto huyo. Majaji walipomuuliza zaidi, alisema alikuwa amesikia kwamba wasichana walibakwa kwenye ofisi ya komuna. Baadaye alifika shahidi H, ambaye mwenyewe alibakwa katika shamba la mtama, na ambaye alisema aliwaona kwa macho yake wanawake wengine wakibakwa nje kidogo ya eneo la ofisi hiyo.

J alikuwa amesikia, H alikuwa ameona. Wahenga walikwisha kusema kwamba kusikia si kuona, na sheria za nchi nyingi hukubaliana nao: ushahidi wa kuambiwa hutupwa, au hupokewa kwa mashaka. Hapa, hata hivyo, lililosikiwa ndilo lililoufungua mlango ambao lililoonwa lilipita. Upande wa mashtaka ulieleza kwamba ushahidi wa H uliusukuma kuanza upya uchunguzi, na Juni 1997 hati ya mashtaka ikaongezwa makosa matatu yanayohusu ukatili wa kingono. Hukumu ya tarehe 2 Septemba 1998 ilikuwa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na ilitamka kwamba ubakaji unaweza kuwa njia mojawapo ya kuyatenda. Kama benchi, ambalo Navanethem Pillay alikuwa mmoja wa majaji wake watatu, lingeridhika na maswali ya mawakili tu, huenda sehemu hiyo ya hukumu isingeandikwa. Kwa hiyo ni kosa kumhesabu anayeuliza kuwa msikilizaji wa pembeni. Ana sehemu yake katika ushahidi unaozaliwa.

Majaji hao walikutana na ugumu mwingine, na kwa bahati njema waliuandika. Mashahidi wengi walitoka katika jamii ambayo habari husafiri kwa mdomo, na walieleza waliyoyaona na waliyoambiwa kwa sauti moja. Hawakuwa wakidanganya. Walipoulizwa kwa subira, walitenganisha: hili niliona, lile nililetewa na jirani. Hapo ndipo kazi ngumu ya shahidi ilipo, kwani humlazimu kurudi katika kumbukumbu yake na kuichambua kama mtu apembuaye mchele, akiyatoa hata yale anayoyaamini kwa moyo wote lakini hakuyaona.

Lugha nayo iliongeza tabaka. Maneno ya Kinyarwanda yalitafsiriwa kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza. Kiswahili, lugha ya mji wenyewe, hakikuwa lugha ya mahakama hiyo. Mashahidi walilitaja tendo la ubakaji kwa maneno kadhaa, likiwamo kuryamana, ambalo maana yake ya juu juu ni kulala pamoja, na gufata ku ngufu, kushika kwa nguvu. Msikilizaji wa Kiswahili hashangai, maana hata kwetu mwenye haya husema "alilala naye" pale ambapo sheria inasema "alimbaka". Wakalimani waliombwa ufafanuzi, na majaji wakaridhika kwamba, kwa muktadha wake, kilichosimuliwa kilikuwa ubakaji. Angepatikana mtu wa kudai kwamba shahidi hakutamka neno lenyewe, na kwa mujibu wa kamusi angekuwa na hoja.

Kusema hadharani kuna gharama, na mahakama isiyoweza kuwalinda mashahidi hubaki na viti vitupu. Kesi ya Wakenya wawili katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague ilisitishwa Aprili 2016, na miongoni mwa yaliyotajwa na majaji ni kuingiliwa kwa mashahidi. Kenya ilikuwa na sheria ya kuwalinda mashahidi tangu 2006, na Tanzania ikatunga yake mwaka 2015.

Herufi J na H zilikuwa sehemu ya ulinzi wa namna hiyo, na zinaleta mgongano ambao si rahisi kuumaliza. Shahidi ni mtu anayesimama na jina lake nyuma ya maneno yake. Akiondolewa jina, ni nini kinachomfunga? Arusha ilijibu kwa kuyagawa masikio. Umma ulisikia herufi. Majaji, mshtakiwa na mawakili wake walijua ni nani aliyekuwa akisema, anatoka wapi na alikuwa nani Taba, hivyo wale waliokuwa na haki ya kumuuliza waliweza kumuuliza kama mtu kamili.