Robert Laughlin na Mtihani wa KAIST

Mwaka 1982, Daniel Tsui na Horst Störmer wa maabara za Bell nchini Marekani walikutana na jambo wasilolitarajia. Elektroni zilizobanwa katika tabaka jembamba, kwenye baridi kali na uga mkubwa wa sumaku, zilionyesha tabia ambayo ingeeleweka tu kama kungekuwapo chembe zenye theluthi moja ya chaji ya elektroni. Mwaka uliofuata Robert Laughlin alitoa maelezo: hakuna elektroni iliyovunjika. Zile nyingi, kwa pamoja, zilikuwa zimeunda kimiminika cha aina mpya, chenye kanuni ambazo mtu hawezi kuzigundua kwa kuchunguza elektroni moja moja. Watatu hao waligawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1998.

Mwaka 2004 Laughlin alikabidhiwa uongozi wa KAIST, taasisi ya sayansi na teknolojia ya Korea Kusini iliyoko Daejeon. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa Marekani, kufuatia ripoti ya jopo la Frederick Terman wa Stanford, chuo kile kile alikotoka Laughlin. Dola ya Korea ilikuwa ikiwasomesha vijana wake bora pale kwa gharama yake, ili wajenge viwanda.

Laughlin alitaka wanafunzi walipe ada, idadi yao iongezeke, na chuo kijiendeshe kama cha binafsi. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: chuo kinacholishwa na serikali huisikiliza serikali kwanza (wasomaji wangu walio wizarani wanalijua hili vizuri kuliko mimi). Lakini wahadhiri walio wengi walimpinga waziwazi, na mwaka 2006 bodi haikuongeza mkataba wake. Nashangaa kwamba mtaalamu wa tabia ya walio wengi aliamini mabadiliko yangeweza kushushwa kutoka ofisi moja.

Wengi huishia hapo wanapoisimulia habari hii. Mimi naona sehemu nzito zaidi ni iliyofuata. Mrithi wake, Suh Nam-pyo, mhandisi aliyetoka MIT, aliirudisha ada kwa mlango mwingine: mwanafunzi aliyeshuka chini ya wastani fulani wa alama ndiye alipe. Mapema mwaka 2011 wanafunzi wanne walijiua ndani ya miezi michache. Korea nzima ikaanza kuhoji utaratibu ule, na chuo kikalazimika kuulegeza. Suh aliondoka mwaka 2013.