Makaburi ya Mto Shire na Watoto Watano wa Unguja

Msafiri atokaye Chalinze kwenda Segera hufika Mkata, na hapo njia ya Handeni huachana na barabara kuu. Nchi hii ya Wazigua ina kumbukumbu ya msiba usiokuwa na matanga. Yapata mwaka 1836 njaa kuu iliingia, watu wakashuka pwani kutafuta chakula, na wengine wakajitia mikononi mwa wenye majahazi ili wapate kula tu. Wakauzwa mbali, hata kando ya mto Juba katika nchi ya Wasomali. Waliobaki nyumbani hawakuwa na kaburi la kulilia.

Ndugu wasomaji, misheni iliyoleta Injili pande hizi za Bonde na Uzigua nayo ilizaliwa katika msiba. Misheni ya Vyuo Vikuu haikuanzia kwetu. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie alifika Magomero, katika nchi iitwayo leo Malawi, akakaa na watu waliookolewa kutoka kwa wafanya biashara ya watumwa. Mwaka haukutimia. Mtumbwi wao ulipinduka mtoni, dawa zote zikapotea, homa ikamshika, na tarehe 31 Januari 1862 akafa katika kisiwa kidogo, mahali mto Ruo uingiapo Shire. Padri Henry Burrup, aliyekuwa naye, alimzika kukiwa giza, akarudi Magomero akiwa mgonjwa, akafa naye tarehe 22 Februari.

Siku zile zile dada yake Askofu, Bibi Anne Mackenzie, alikuwa njiani kumfuata ndugu yake, naye alifuatana na mke wa Burrup, aliyeolewa si zamani. Mabibi hao wawili walipanda mto kwa taabu nyingi, Bibi Anne mwenyewe akiwa mgonjwa, wakitumaini kukutana na wapendwa wao. Wakaambiwa kwamba wamekwisha kuzikwa. Katika merikebu iliyowaleta alikuwamo pia Bibi Mary, mkewe Livingstone, naye akafa Shupanga mwezi wa Aprili mwaka ule ule.

Bibi Anne akarudi Uingereza. Nani angalimlaumu kama angalifunga mlango wake akalia mpaka mwisho? Lakini mwaka 1866 alianzisha gazeti dogo liitwalo The Net, maana yake wavu, la kutoa habari za misheni na kuziombea fedha, akalihariri mpaka kufa kwake mwaka 1877. Alikusanya pia fedha za kuweka askofu katika nchi ya Wazulu kwa kumbukumbu ya ndugu yake, na askofu huyo akawekwa mwaka 1870. Sidhani kwamba kazi hiyo ilimwondolea huzuni. Ilimpa huzuni yake mahali pa kwenda kila asubuhi.

Askofu Tozer, aliyeshika mahali pa Mackenzie, aliiacha Shire akahamia Unguja mwaka 1864. Livingstone alimkasirikia sana, akaona kwamba amewakimbia watu. Mimi siwezi kumhukumu Tozer; makaburi yalikuwa mengi. Lakini kama angalirudi kwao kabisa, habari yote ingalikoma.

Hata alipokuwa Unguja, Sultani Majid alimpa watoto wanaume watano, waliookolewa katika jahazi la watumwa. Fikirini, ninyi walimu, darasa la namna hiyo: watoto wasio na baba wala mama, wasioweza kuonyesha njia ya kurudi kwao, na mwalimu aliyetoka kuyaacha makaburi ya wenzake. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya misheni hii katika pwani yetu. Miongoni mwa watoto wale walikuwamo John Swedi na Francis Mabruki. Mwaka 1870 wote wawili waliwekwa kuwa mashemasi wadogo, na mwaka 1879 Swedi akapewa ushemasi kamili na Askofu Steere, Mwafrika wa kwanza wa misheni hii kuupata. Aliyepakiwa jahazini kama bidhaa, sasa alisimama kuwahudumia watu.

Kutoka Unguja kazi ilivuka bahari. Padri Alington alikwenda Vuga kuomba ruhusa kwa mtawala wa huko, na mwaka 1868 kituo kikawekwa Magila. Mwaka 1875 Padri Farler akafika hapo, na baadaye kazi ikaenea mpaka Korogwe na nchi ya Handeni.

Na wale waliouzwa wakati wa njaa? Wajukuu wao kando ya Juba hawakuiacha lugha ya Kizigua. Vita vilipovunja Somalia mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na mwaka 2003 wakapewa makao Chogo, katika nchi ya Handeni. Wengi ni Waislamu, na wengi wamekwisha kupewa uraia. Waliposema nao kwa Kizigua, wenyeji waliwaelewa.