Meli Nne za Nchi Nne: Historia Fupi ya Eastern Africa National Shipping Line

Mwaka 1966 nchi nne zilianzisha shirika la meli, na mbili kati yake hazikuwa na hata shubiri moja ya pwani. Kenya na Tanzania zilikuwa na bandari. Uganda na Zambia zilikuwa na mizigo, na zilichoka kuisafirisha kwa hisani ya wengine. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Eastern Africa National Shipping Line, ambayo wazee wa baraza letu la mabaharia wastaafu hapa Mombasa huiita kwa neno moja tu: Shirika.

Haja ilikuwa wazi. Bendera za ukoloni zilikuwa zimeteremshwa, lakini kahawa, pamba, katani na shaba bado ziliondoka kwa meli za wageni, na nauli ilipangwa Ulaya na umoja wa makampuni ya meli. Zambia ilikuwa na dharura yake. Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru, na njia ya kusini iliyobeba shaba ya Zambia ikawa ya mashaka. Lusaka ikageuza uso kuelekea Dar es Salaam, kwanza kwa malori, kisha kwa bomba la mafuta la mwaka 1968, na hatimaye kwa reli ya TAZARA. Mwenye kufungua njia hadi gatini hutamani pia chombo cha kumvusha mbele ya hapo.

Meli zilikuwa nne, na majina yake yalitosha kuwa somo la siasa: Harambee ya Kenya, Ujamaa ya Tanzania, Uganda ya Uganda, na Mulungushi ya Zambia, iliyochukua jina la mahali karibu na Kabwe ambapo chama cha UNIP kilifanyia mikutano yake mikuu. Siasa za nchi nne zikaandikwa kwa rangi kwenye omo na shetri.

Juni 5, 1967, Shirika likiwa bado changa, Mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita, na haukufunguliwa hadi Juni 5, 1975. Kwa miaka minane, kwenda Ulaya kulimaanisha kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, nyongeza ya zaidi ya maili 2,000 za bahari kwa kila safari, pamoja na mafuta, chakula na mishahara yake. Kwa wahasibu hiyo ilikuwa hasara. Kwa mabaharia ilikuwa shule. Mtu aliyelelewa na kusi na kaskazi alijua bahari ina adabu, kwamba pepo huja kwa msimu na kuondoka kwa msimu. Kule kusini, kati ya Juni na Agosti, alikutana na mawimbi yasiyosoma kalenda.

Wazee wakikaa na kahawa chungu na kashata, hawazungumzii nauli. Wanazungumzia zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi, baharia akipambana na usingizi huku sukani ikiwa mikononi. Wanazungumzia kugonga kutu na kupaka rangi, kazi isiyokwisha, kwa sababu chumvi hailali. Wanakumbuka Ramadhani, ambayo mwaka 1966 iliangukia Desemba, lakini ilivyorudi nyuma mwaka hadi mwaka ikafika Julai ifikapo 1980. Kwa aliyekuwa Uingereza mwezi huo, magharibi ilichelewa hadi baada ya saa tatu usiku, na mpishi wa kikafiri aliuliza mara tatu kama kweli hata maji hayaruhusiwi.

Wanaikumbuka pia miji, na hapo ndipo wanapowashinda wajukuu wao walioko baharini leo. Enzi zile shehena ilipakuliwa gunia kwa gunia, robota kwa robota, kwa winchi na migongo ya makuli, na meli iliweza kulala gatini siku nyingi. Baharia alipata muda wa kujua msikiti ulipo, kinyozi ni nani, na duka gani linauza cherehani kwa bei nzuri. Meli ya makontena huingia na kutoka kwa saa chache, na baharia wake huondoka bila kuvuka lango la bandari.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Shirika lilikuwa na manahodha wanne, kila mmoja akiwa ikulu kwake. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 majeshi ya Uganda ya Idi Amin yaliivamia Kagera, Tanzania. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yalikuwa Kampala. Ujamaa na Uganda zilikuwa meli za baba mmoja huku wenyewe wakipigana. Mwaka 1980 Shirika lilifungwa. Kilichoiua safari ile hakikutoka baharini. Kilitoka nchi kavu.

Mengine yaliendelea. SINOTASHIP, ubia wa Tanzania na China wa mwaka 1967, ulidumu. Mafunzo ya ubaharia yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 1978 yalizaa chuo cha DMI kwa sheria ya 1991. Kenya iliunda shirika lake la meli mwaka 1987. Lakini vijana wengi wa pwani, walipokosa meli ya kuandikiwa kazi, walianza kuzamia meli za watu, wakijificha ndani ya shehena bila mkataba wala kitabu cha baharia.

Neno lenyewe likahama. Leo Dar es Salaam kijana humwita mwenzake “baharia” bila yeyote kati yao kuwahi kupanda hata pantoni ya Kigamboni. Maana yake ni mjanja, mtu aliyeiona dunia. Wazee hawalikatazi. Ila kijana akipita barazani akajitapa kuwa naye ni baharia, humwuliza swali ambalo wao kwa wao hujibu kwa neno moja, Harambee au Mulungushi: “Wa meli gani?”