Miaka 100 ya Kuuliza: Bunge Letu, Njombe na Makambako

Tarehe 7 Desemba 2026 Bunge la Tanzania linatimiza miaka 100, ukihesabu tangu Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilipokutana mara ya kwanza mwaka 1926 chini ya Gavana Donald Cameron. Wajumbe walikuwa 20. Kati yao 13 walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, na wale saba waliobaki walikuwa Wazungu watano na Waasia wawili. Mwafrika hakuwemo hata mmoja. Mkulima wa Lupembe mwenye lalamiko lake kuhusu kodi alilipeleka kwa Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, pale Njombe, na Bwana Shauri akinyamaza, habari imekwisha.

Ilipita miaka 19 kabla Chifu Kidaha Makwaia wa Shinyanga na Chifu Abdiel Shangali wa Machame hawajateuliwa kuingia barazani, mwaka 1945. Uchaguzi wa kura tatu ukafuata mwaka 1958 na 1959, ambapo kila mpiga kura alipaswa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Kisha uhuru.

Haki ya mbunge kumhoji waziri leo imo ndani ya Katiba, Ibara ya 63: Bunge laweza kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kifungu hicho ni kifupi, lakini ndicho kinachomlazimisha mtu mwenye wizara nzima mkononi asimame mbele ya taifa kueleza kwa nini bomba la kata fulani halitoi maji.

Utaratibu wenyewe watu wa Makambako wanaujua kwa kusikiliza redio. Kikao kinafunguliwa asubuhi kwa dua, hati zinawekwa mezani, kisha maswali. Swali la msingi limeshaandikwa na kufikishwa kwa Katibu wa Bunge mapema. Wizara imelipata, imewauliza wataalamu wake na halmashauri inayohusika, na Naibu Waziri amekuja na jibu lililochapwa. Anasimama: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu kama ifuatavyo." Hapo ndipo tunaposikia upembuzi yakinifu, mchakato na kadiri fedha zitakavyopatikana. Halafu mbunge anashukuru kwa majibu mazuri na kuomba maswali mawili ya nyongeza.

Kwa maoni yangu uhai wa kipindi kizima uko kwenye nyongeza. Jibu la msingi limepikwa ofisini. La nyongeza halina karatasi, na waziri ambaye hajafika Ludewa anajulikana papo hapo. Kwa sababu hiyo Kanuni za mwaka 2007, chini ya Spika Samuel Sitta, zilipoanzisha nusu saa ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu kila Alhamisi, zilifanya jambo kubwa.

Mbunge ana silaha nyingine pia. Anaweza kutoa hoja ili shughuli ziahirishwe na lijadiliwe jambo la dharura. Wakati wa bajeti anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo ya kumridhisha.

Njombe imekaa pande zote za meza hiyo. Jackson Makwetta, aliyeongoza Tume ya Rais ya Elimu iliyotoa taarifa yake mwaka 1982, aliwakilisha wananchi wa Njombe kwa miongo kadhaa hadi 2010. Alijibu maswali akiwa waziri, akayauliza akiwa mbunge wa kawaida. Anne Makinda, mzaliwa wa Njombe, aliingia bungeni mwaka 1975 akiwa kijana, enzi ya chama kimoja. Tangu 1995 alikuwa Mbunge wa Njombe Kusini, na tarehe 12 Novemba 2010 akachaguliwa Spika, mwanamke wa kwanza kukalia kiti hicho nchini.

Ni yeye aliyekuwa Spika mwishoni mwa Novemba 2014, Bunge lilipojadili fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow iliyokuwa Benki Kuu. Taarifa ilitoka Kamati ya Hesabu za Serikali, iliyoongozwa na Zitto Kabwe wa upinzani. Makamu wake alikuwa Deo Filikunjombe, Mbunge wa Ludewa, wa CCM. Mjadala ulikuwa mkali na ulivuta hadi usiku. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu Desemba, Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri mwezi huohuo, na Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo akaachia Nishati na Madini. Filikunjombe alifariki kwa ajali ya helikopta Oktoba 2015. Watu wa Ludewa bado wanamtaja, na mimi namtaja kwa sababu alionyesha kwamba mbunge wa chama tawala anaweza kuibana serikali ya chama chake bila kukihama. Tangu 2020, ambapo karibu viti vyote vya majimbo vimekuwa vya chama kimoja, mfano huo ndio tunaouhitaji zaidi.

Kuna maswali yanayochukua miaka. Wananchi wa Ludewa waliopisha miradi ya chuma ya Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma waliuliziwa habari za fidia yao bungeni mkutano baada ya mkutano, toka mkataba wa 2011. Malipo yalikuja 2023. Maji ya Makambako vilevile. Mji umekua haraka kwa kuwa na stesheni ya TAZARA na njia panda ya Songea, na kila aliyefungua gesti au hoteli pale anajua bei ya dumu wakati wa kiangazi. Mkopo wa India kwa mradi wa miji 28, Makambako, Njombe na Wanging'ombe zikiwemo, ulisainiwa 2018. Mikataba ya ujenzi ilisainiwa Juni 2022. Katikati ya tarehe hizo mbili wananchi hawakuwa na njia nyingine ya kujua mradi umefika wapi ila majibu ya bungeni. Utegemezi huo wa majibu ulikuwepo tangu zamani, na ndiyo maana tangazo la mwanzoni mwa 2016, kwamba televisheni ya taifa, TBC, haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, liliwauma watu wa mbali na Dodoma kuliko waliokuwa karibu.

Kila neno la kikao huandikwa katika Taarifa Rasmi, na Taarifa hizo zipo kwenye tovuti ya Bunge. Kwa maadhimisho haya ningependa halmashauri za mkoa wetu zichape maswali yote ya majimbo sita, yaani Njombe Mjini, Makambako, Lupembe, Wanging'ombe, Makete na Ludewa, pamoja na majibu yake na tarehe ambazo mawaziri waliahidi kukamilisha kazi, na kuyabandika kwenye ofisi za kata. Mtendaji wa kata asome orodha hiyo kwenye mkutano wa hadhara, mbunge akiwepo.