Jitu Lililobeba Dunia Harusini

Usiku mmoja wa kiangazi cha mwaka 1661, nyuma ya kasri la Pitti mjini Florence, jitu Atlas lilisimama kwenye uwanja wa bustani za Boboli likiwa limejitwika dunia mabegani. Cosimo, mrithi wa ukoo tawala wa Medici, alikuwa amemwoa Marguerite Louise wa Orléans, binamu yake Mfalme Louis XIV wa Ufaransa, na karamu peke yake isingetosha kwa harusi ya ukubwa huo. Bwana harusi aliingia juu ya farasi, amevalia kama shujaa Hercules. Jua na Mwezi wakaja na magari yao, na nyuma yao wapanda farasi waliovikwa kama watu wa Ulaya, Amerika, Asia na Afrika. Kisha Atlas akageuka mlima mbele ya macho ya watu.

Mbao na vitambaa vya onyesho hilo vilibomolewa. Sura ya usiku ule tunaijua kwa mkono wa Stefano della Bella, mwenyeji wa Florence aliyezaliwa mwaka 1610, akafunzwa kwa sonara, akajinoa kwa kuiga kazi za Jacques Callot, ambaye naye alikuwa amechora sherehe za Medici mwaka 1616.

Kazi yenyewe, ya kuchora picha kwa asidi, ni ya subira. Bamba la shaba hupakwa nta, fundi akachora kwa sindano, kisha bamba likatiwa asidi. Asidi hula pale tu sindano ilipopita. Mistari ya mbali, ikishaliwa kidogo, huzibwa. Ya karibu huachwa izidi kuliwa, ili ishike wino mwingi zaidi. Hapo ndipo kina cha picha kinapozaliwa: farasi wa mbele weusi, umati wa nyuma kama vumbi. Tena yote huchorwa kinyume, kwa kuwa picha ikichapwa karatasini, kulia hugeuka kushoto. Della Bella aliwapanga wapanda farasi wadogo kama punje za mtama, na bado kila farasi ana mwendo wake. Kwangu mimi, ustadi huo unashinda fahari yote ya ikulu iliyomwagiza.

Ndoa haikuwa na raha. Mwaka 1675 Marguerite Louise alirudi Ufaransa, akaacha mume na watoto watatu. Kitinda mimba wao, Gian Gastone, alifariki mwaka 1737 bila mtoto, na utawala wa Medici ukakomea kwake.