Wavuvi Waliojifunza Mambo ya Fedha

Vijana wengi wa parokia na shule zetu hupenda kuanzisha chama cha fedha. Wanachagua mwenyekiti, karani na mtunza sanduku; wanachanga na kufurahi. Baada ya miezi michache maneno yanaanza: huyu amekopa wala hakurudisha, yule amepokea bila kuandika. Sanduku linafungwa, na urafiki unakufa pamoja nalo. Kwa nini? Tutazame historia ya maskini wa nchi ya mbali walioshika njia nyingine.

Mashariki ya Kanada, kando ya bahari, kuna jimbo liitwalo Nova Scotia. Huko wengi walikuwa wavuvi, wakulima na wachimba makaa ya mawe. Mvuvi alikopa nyavu na chakula kwa mfanyabiashara. Akiisha kuvua, alimwuzia huyo huyo samaki wake, kwa bei aliyoipanga mnunuzi. Mwaka ulikwisha, deni halikwisha. Vijana wakahama kwenda kutafuta kazi Marekani.

Katika mji wa Antigonish kulikuwa na chuo kikuu cha Kikatoliki, St. Francis Xavier. Padri James Tompkins, mmoja wa wakubwa wake, hakupenda elimu ikae kwa wachache tu. Mwaka 1921 alitoa kijitabu cha kutaka elimu iwafikie watu wote, na mwaka huo huo chuo kikawakaribisha watu wazima waje kusoma bila kuwadai cheti. Mwisho wa 1922 askofu alimtuma kuongoza parokia ya Canso, kwa wavuvi. Hakwenda na mfuko wa fedha. Aliwagawia vitu vya kusoma, akawauliza maswali juu ya kazi na umaskini wao.

Maswali hayo yalizaa matunda. Tarehe 1 Julai 1927, Kanada ilipofanya sikukuu ya miaka 60, wavuvi wa Canso walikutana, wakasema hawaoni sababu ya kushangilia. Malalamiko yao na ya wenzao yakafika serikalini, nayo ikaunda tume ya kuchunguza mambo ya uvuvi. Mwaka 1928 chuo kikaanzisha idara ya kupeleka mafundisho vijijini. Mkuu wake alikuwa Padri Moses Coady, binamu wa Padri Tompkins.

Walifanyaje kazi? Kwanza waliitisha mkutano wa kijiji kizima. Halafu watu wakajigawa katika vilabu vidogo vya kujifunza, wakikutana nyumbani kwa mmoja wao, mara nyingi jikoni penye moto. Chuo kiliwapa vijitabu. Asiyejua kusoma vizuri alisaidiwa na mwenzake. Hawakusoma ili kupata cheti. Waliuliza: Bei ya samaki wetu hupangwa na nani? Riba huhesabiwaje? Fedha ya nyumbani hupita wapi? Mwisho wa miaka ya 1930 vilabu hivyo vilipita 1000.

Baada ya kujifunza, walitenda. Mwaka 1932 Nova Scotia ilipata sheria ya vyama vya kuweka na kukopa. Njia yenyewe Kanada iliijua tayari: Alphonse Desjardins, Mkatoliki wa Lévis katika Quebec, alianzisha chama chake mwaka 1900, na siku ya kwanza ya kupokea fedha, mwezi wa Januari 1901, zilikusanyika dolari 26 na senti 40 tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mfano mwingine ulitokea Reserve Mines, kijiji cha wachimba makaa, ambapo Padri Tompkins alihamia mwaka 1935. Kundi la wachimba makaa lilitaka nyumba njema. Hawakukimbilia matofali na misumari. Walijifunza kwanza: kiwanja ni bei gani, mbao ni ngapi, deni litalipwaje kila mwezi. Kisha wakajenga kwa mikono yao. Mwaka 1938 nyumba 11 zilikuwa zimesimama, na mtaa ukaitwa Tompkinsville.

Basi, tofauti tunaiona. Wale walianza na daftari na maswali, wakaishia kwenye sanduku. Sisi mara nyingi twaanza na sanduku, na daftari twalitafuta wakati wa ugomvi. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatudharau likelemba yetu. Inatufundisha uaminifu na kumsaidia mwenzetu kwa zamu. Lakini fedha ya likelemba huzunguka tu: leo imeshikwa na huyu, kesho na yule, na mwisho wa mzunguko sanduku ni tupu. Katika chama cha kuweka na kukopa akiba hubaki, hukopeshwa, hurudi na kuongezeka. Kwa hiyo hutaka elimu zaidi. Hutaka watu wa kupima kila mkopo, na wengine wa kukagua hesabu, wasiogope kumwuliza hata mwenyekiti.

Enyi wanafunzi, mkitaka kuanzisha kilabu chenu, msione haya kuanza bila fedha. Kutaneni kila juma, watu wachache. Mwezi wa kwanza, kila mmoja aandike kila alichopata na kila alichotumia. Mwezi wa pili jifunzeni riba, na bei za soko lenu. Karani asome hesabu mbele ya wote. Mkiisha kuzoea ukweli wa daftari, ndipo mfungue sanduku.

Mwaka 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alitetea haki ya wafanyakazi kuungana katika vyama vyao. Wavuvi wa Nova Scotia walionyesha jinsi maskini wanavyoweza kuitumia haki hiyo: kwa kujua hesabu, na kwa kuaminiana.