Mfuko wa Serikali na Kibaba cha Nyumbani: Habari za Tabora Tangu Siku za Misafara

Wasomaji wetu, hapana nyumba isiyojua wasiwasi wa bei. Mume arudipo sokoni na kikapu chepesi kuliko cha mwezi uliopita, mke humwuliza fedha zimekwenda wapi, na watoto husikia. Tena ikitangazwa ya kwamba Serikali imepungukiwa na haina budi kupunguza matumizi yake, wasiwasi huo huzidi, maana kila mzazi hujiuliza: Je, mwalimu atabaki shuleni? Dawa zitapatikana? Ada itarudi?

Wengi hudhani ya kuwa mashaka haya ni ya siku zetu tu. Sivyo. Katika nchi ya Unyamwezi, kando ya njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo mpaka Tabora, na toka Tabora mpaka Ujiji, jambo hili lina historia ndefu. Twataka kuieleza kidogo, ili tuone ni nani hasa aubebaye mzigo wakati mfuko wa mtawala unapokuwa mtupu.

Zamani za misafara, fedha ya nchi hii ilikuwa nguo. Shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Watu walinunua chakula kwa marekani, kwa kaniki na kwa ushanga. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika mzigo wa frasila mbili hivi, yaani ratli 70, akatembea muda wa miezi 3 hivi kati ya Tabora na pwani. Aliporudi na doti zake, nyumba yake ilipata jembe jipya, au mbuzi, au mahari ya kijana. Mtemi naye alikuwa na hazina yake. Alipokea hongo kwa wapitao, na pembe za tembo, na nafaka kwa raia wake. Lakini hazina hiyo haikuwa yake peke yake kwa desturi. Wageni walilishwa kwayo, askari wa mtemi walilishwa kwayo, na mwaka wa njaa watu waliitazama ghala ya ikulu. Basi raia alitoa, na raia alitazamia kupokea. Hiyo ndiyo asili ya jambo tunalolizungumza.

Mwaka 1858 Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, alifariki, na Mnywa Sele akaketi mahali pake. Mtemi huyu mpya alitaka kutoza kodi mali ya wafanya biashara wa Kiarabu waliokaa Tabora, ambao mbele yake walikuwa wamesamehewa. Kwake yeye ilikuwa haki, maana biashara ilikua sana na hazina ilihitaji kitu. Lakini wafanya biashara walikataa, wakamfukuza, wakamweka Mkasiwa badala yake. Mnywa Sele hakukubali kushindwa. Alizunguka porini na watu wake akipiga misafara na kuziba njia, hata alipouawa mwaka 1865. Speke na Grant walipofika Tabora mwanzo wa mwaka 1861 walikuta vita hivyo vikiendelea, na wapagazi ni shida kupatikana. Wakubwa waligombania kodi. Lakini mpagazi ndiye aliyekosa safari, na mkewe ndiye aliyekosa doti. Wahenga walisema kweli: wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Mambo yalirudi vivyo hivyo mwaka 1871, Mirambo wa Urambo alipoifunga njia ya Ujiji. Yeye naye alitaka fungu lake katika mali ipitayo nchini mwake. Vita vyake na wafanya biashara wa Tabora vilidumu mpaka mwaka 1875. Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, aliacha njia iliyozoeleka akazunguka upande wa kusini ili afike Ujiji. Mgeni mwenye mali aliweza kuzunguka. Mkulima aliyezoea kuwauzia wapita njia mtama na viazi hakuweza kuihamisha shamba lake. Soko lake lilikufa pale pale.

Wadachi walipokwisha kuishika nchi, kodi ya nyumba ikatozwa kwa rupia, na hapo kila mwenye nyumba akawa na deni la mwaka hata kama hakununua kitu dukani. Mwaka 1912 reli ikafika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Gari la moshi lilileta faida nyingi, lakini liliua kazi ya mpagazi wa mbali, kazi iliyokuwa imelisha nyumba za Wanyamwezi muda wa miaka mingi. Kisha vikaja vita vikuu. Wadachi, waliokuwa wametengwa na kwao, walipiga fedha zao wenyewe papa hapa Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli: rupia 15 za dhahabu zenye sura ya tembo, na heller za shaba kwa matumizi ya kila siku. Noti za muda nazo zilichapwa humu humu nchini. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliutwaa mji, na Serikali iliyotoa fedha hizo ikaondoka. Hivyo watu walijifunza ya kuwa hata fedha ni ahadi tu, na ahadi hutegemea aliyeiweka.

Sasa tufike kwenye miaka inayofanana zaidi na mashaka ya leo. Mwishoni mwa mwaka 1929 biashara ya dunia ilianguka, tangu Marekani mpaka Ulaya. Mtu wa Tabora hakuwa na hisa yo yote katika masoko ya New York, walakini shida ilimfikia upesi. Bei ya katani, iliyokuwa nguzo ya mapato ya Tanganyika, ilishuka zaidi ya nusu katika miaka michache. Mashamba ya katani ya Tanga na ya njia ya reli yakapunguza watu, na mishahara ya waliobaki ikakatwa. Hayo yaliwaumiza Wanyamwezi sana, kwa sababu vijana wao wengi walikwenda huko kutafuta fedha za kodi na za nguo. Karanga, nta na mazao mengine ya nyumbani nayo yalishuka bei. Tena katika miaka ile ile nzige walikuja wakala mashamba sehemu nyingi za nchi.

Yafaa tulifikiri jambo hili kwa hesabu, kama tufanyavyo shuleni. Ikiwa mtu alizoea kuuza gunia 1 la karanga ili apate kodi yake, na bei ikashuka kwa nusu, basi sasa hana budi kuuza magunia 2 ili alipe kodi ile ile. Shamba halikuongezeka, mikono haikuongezeka, lakini gunia la pili limetoka. Limetoka wapi? Limetoka katika chakula cha watoto, au katika mbegu ya mwaka ujao. Katika sehemu nyingine kodi ilipunguzwa, lakini haikushuka upesi kama bei zilivyoshuka. Mwenye wake zaidi ya mmoja alidaiwa zaidi. Aliyekosa fedha kabisa aliweza kulipa kwa kazi, akatengeneza barabara za Serikali wakati shamba lake mwenyewe lingojapo jembe.

Serikali nayo ilibanwa. Mapato yake yalitoka kwa kodi, kwa ushuru wa forodha na kwa reli, na yote matatu yalipungua pamoja. Mwaka 1932 Sir Sydney Armitage-Smith alitumwa toka Uingereza kuzichungua fedha za Tanganyika na kusema matumizi gani yapunguzwe. Watumishi wakapunguzwa, majenzi yakasimamishwa, na fedha za elimu zikakatwa. Wakati huo huo, tangu mwaka 1931, wakuu wa wilaya walihimiza watu walime mazao zaidi ya kuuza. Mkulima alilima zaidi ili apate kile kile, na wakulima wengine wa dunia walifanya vivyo hivyo. Mazao yalipozidi sokoni, bei haikuwa na sababu ya kupanda.

Katika elimu twaona jambo la kufikirisha. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, iliwekwa kwanza kwa ajili ya wana wa watemi na machifu. Shule nyingi ndogo za vijijini, za misioni, hazikupata ruzuku yo yote ya Serikali. Zilisimama kwa miti iliyokatwa na wazazi, kwa nyasi zilizoletwa na akina mama, na kwa mwalimu aliyelima ili aishi. Fedha zilipokatwa, shule hizo hazikuwa na cha kukatwa. Wengine wangeona hiyo ni sifa, na kweli ni sifa kwa wazazi wale. Lakini tusidanganyike. Mtoto aliyejifunza bila kitabu alipata haki pungufu kuliko mwenzake mwenye kitabu. Uvumilivu wa maskini usifanywe sababu ya kumwacha katika umaskini.

Baada ya vita vya pili Serikali ya Uingereza iligeuka, ikamwaga fedha badala ya kuzibana. Kwao mafuta ya kula yalikuwa haba. Kwa hiyo tangu mwaka 1947 walianzisha mashamba makubwa ya karanga huko Kongwa, Nachingwea na Urambo, katika nchi ya Mirambo. Mpango huo ulikufa mwaka 1951, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Urambo ilisalia na ardhi iliyofyekwa, na baadaye tumbaku ikalimwa humo. Basi matumizi makubwa yasiyopimwa nayo si dawa ya matumizi madogo mno.

Mwaka 1937 kijana mmoja toka Butiama aliingia katika ile Shule ya Tabora. Jina lake ni Julius Nyerere. Mwaka 1945, alipokwisha kusoma Makerere, alirudi Tabora kufundisha katika shule ya St. Mary's. Yeye alipokuwa Rais, ada za shule za msingi ziliondolewa mwaka 1973, na vijiji vingi vikapata shule na zahanati. Lakini bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikala fedha nyingi, na bei za mazao yetu nje zikalegea. Wananchi wakaambiwa wafunge mkaja kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, na mkaja haukufunguliwa.

Waliokuwa watu wazima miaka ile wakumbuka foleni za sukari, sabuni na khanga. Wakumbuka kufulia majani ya mpapai. Fedha ilikuwamo mfukoni na kitu hakimo dukani. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe iliondolewa, na ada za sekondari zikarudi. Mwaka 1986, Rais akiwa Ali Hassan Mwinyi, Serikali ilipatana na Shirika la Fedha la Dunia. Dola 1 ya Marekani, iliyokuwa shilingi 17 hivi mwanzo wa mwaka huo, ikawa shilingi 40 hivi katikati yake, na karibu 200 mwisho wa mwaka 1990. Sasa vitu vilijaa madukani, na fedha haimo mfukoni.

Tena michango ikarudi katika shule za msingi, na kuanzia mwaka 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama katika hospitali kubwa, kisha katika za mikoa na wilaya. Maelfu ya watumishi walipunguzwa kazini. Katika vitabu vya hesabu jambo hili huitwa kupunguza matumizi. Nyumbani halikupunguza kitu, bali liliongeza. Kazi ya muuguzi aliyepunguzwa ilifanywa na mama akeshaye na mgonjwa. Ada ilipokosekana, mara nyingi binti ndiye aliyebaki nyumbani, na ndugu yake akaenda shule. Serikali ilitua mzigo, na mzigo haukuanguka chini, ila juu ya kichwa kingine.

Lakini haifai kusimulia kana kwamba mambo hayabadiliki. Ada za shule za msingi ziliondolewa tena mwaka 2001, na watoto wakamiminika shuleni. Tangu Januari 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne. Mwaka 2022 bei za mafuta zilipopanda duniani kwa sababu ya vita vya Ukraine, Serikali iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Kwa hiyo yaliyokatwa yaweza kurudishwa, na wenye mamlaka wana nafasi ya kuchagua nini kikatwe kwanza na nini kilindwe mpaka mwisho.

Basi, wasomaji, tujifunze nini? Kwanza, tuwe na akiba, maana akiba haiozi. Nyumba yenye mazao ya namna mbili au tatu haiyumbi kama yenye zao moja la kuuza. Pili, tusaidiane kulima na kuuguzana, kama wapagazi walivyopokezana mzigo wa mwenzao mgonjwa asiachwe njiani. Tatu, tujue hesabu za umma. Mkutano wa kijiji unaposomewa mapato na matumizi, tuhudhurie tuulize kwa adabu: kitu hiki kikipunguzwa, nani atakibeba? Na tunapokuwa nyumbani, tujiulize swali hilo hilo kabla ya kumwondoa binti shuleni ili kibaba kitoshe.

Njia ya misafara imeota majani sehemu nyingi, na gari la moshi lapita karibu yake. Lakini kanuni moja ya wasafiri wale yafaa hata leo: mzigo hupimwa kabla ya kufungwa, tena mbele ya yule atakayejitwika.